Maswali ya wasomaji: Profesa Mehmet Haberal, figo na siasa

Toleo lililopita tulitoa makala fupi juu ya Profesa Mehmet Haberal, daktari wa upasuaji wa Uturuki aliyefungua njia ya kupandikiza figo nchini mwake, akaanzisha chuo kikuu, na baadaye akachaguliwa mbunge akiwa kizuizini. Barua zimetufikia kutoka Unguja na Pemba, na nyingi haziulizi siasa, zinauliza figo. Hatukushangaa. Presha na sukari zimeshawafikisha wengi wetu kwenye mashine ya kusafisha damu. Barua zinazofanana tumezijibu kwa pamoja.

Assalamu alaykum. Makala yenu imekwenda mbio mno. Nataka miaka: kazaliwa lini, kasoma wapi, na hasa kafanya lipi hata atajwe hivyo?
*Msomaji, Mkunazini*

Wa alaykumu salaam. Haberal kazaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Subaşı, wilaya ya Pazar, mkoa wa Rize, pwani ya Bahari Nyeusi, sehemu ya mvua nyingi na mashamba ya chai. Alimaliza udaktari Chuo Kikuu cha Ankara mwaka 1967, akasomea upasuaji Chuo Kikuu cha Hacettepe, hapo hapo Ankara. Miaka ya 1970 alikwenda Marekani, kwanza Galveston, Texas, kujifunza tiba ya watu walioungua moto, kisha Denver, Colorado, kwa Thomas Starzl, daktari aliyefanya jaribio la mwanzo duniani la kumpandikiza binadamu ini mwaka 1963. Alirudi kwao 1975, na tarehe 3 Novemba mwaka huo huo yeye na wenzake walichukua figo ya mama wakampandikiza mwanawe. Hiyo ndiyo figo ya mwanzo Uturuki kutoka kwa jamaa aliye hai.

Kutoka hapo fuateni tarehe zenyewe, maana ndimo mlimo na kazi. Tarehe 10 Oktoba 1978 alipandikiza figo ya mtu aliyefariki, lakini figo hiyo ilitoka nje, kupitia Eurotransplant, shirika linalogawa viungo baina ya nchi kadhaa za Ulaya. Kwa nini itoke nje, na Ankara watu wanafariki kila siku? Kwa sababu Uturuki haikuwa na sheria inayoeleza nani anaweza kukubali, nani anathibitisha kifo, na daktari ana ulinzi gani. Haberal na wenzake wakaisukuma sheria. Sheria namba 2238 ilitangazwa tarehe 3 Juni 1979, na tarehe 27 Julai, hata miezi miwili haijatimia, ikapandikizwa figo ya mwanzo iliyotoka kwa marehemu ndani ya nchi yenyewe.

Kwa maoni yetu ukubwa wake uko hapa. Kushona mishipa madaktari wengi wanaweza. Kuifanya nchi nzima iwe na utaratibu unaomlinda mchangiaji, mgonjwa na maiti ni kazi nyengine kabisa, na bila hiyo mshono hauna pa kushonwa.

Jambo moja la kitaalamu halitajwi sana, nalo linaonesha uhaba wa siku zile. Figo ikitolewa mwilini huoshwa ndani kwa maji maalumu ya baridi, huwekwa kwenye barafu kiasi cha nyuzi 4, na madaktari hupenda iwe imeshashonwa ndani ya saa 24. Zile zilizofika Uturuki mara nyingi zilikuwa zimeshaachwa na hospitali nyengine kwa sababu muda umepita. Timu ya Haberal ilizitumia, na ikaripoti figo zilizokaa kwenye barafu zaidi ya saa 100 na bado zikafanya kazi. Figo ya namna hiyo haianzi siku ile ile. Mgonjwa huendelea kusafishwa damu kwa siku au wiki kadhaa mpaka iamke, na timu isiyojua hilo inaweza kudhani imekufa ikaitoa bure.

Mengine kwa ufupi: 1980 alianzisha wakfu wa upandikizaji wa viungo na tiba ya majeraha ya moto, 1987 jumuiya ya wapandikizaji wa Mashariki ya Kati, na 1993 Chuo Kikuu cha Başkent, chenye hospitali Ankara na miji mengine.

Figo ya mtu mzima inaingiaje kwa mtoto? Na zile mbovu zinatolewa? Mimi nimejitolea kumpa dada yangu lakini mume wangu ana khofu, anasema nitakuwa nusu mtu.
*Mama wa watoto watatu, Wete*

Dada, Mungu akulipe kwa nia yako. Khofu ya mumeo tutaieleza vizuri, maana ana haki ya kuelezwa. Sheria ile ya Uturuki yenyewe inamtaka daktari aulize kama mwenza wa mchangiaji ana khabari, na aliandike jibu.

Figo mpya haiwekwi mahali pa figo ya zamani. Huwekwa chini ya tumbo, upande mmoja, mara nyingi kulia, juu ya nyonga. Hapo mishipa mikubwa iendayo mguuni iko karibu na ngozi, na kibofu kiko jirani. Huunganishwa vitu vitatu: mshipa unaoleta damu, mshipa unaoirudisha, na mrija wa mkojo unaoshonwa kwenye kibofu. Zile mbovu huachwa palepale, isipokuwa zikiwa na maambukizo yasiyokwisha, presha isiyoshikika, au zimevimba mno. Kwa mtoto mdogo, ambaye mishipa yake ya nyonga ni myembamba, madaktari hupanda juu na kuunganisha kwenye mishipa mikuu ya tumbo, na humjaza maji vizuri kabla, kwa sababu figo ya mtu mzima inakunywa damu nyingi kuliko mwili wake ulivyozoea.

Kwa mchangiaji, mara nyingi hutolewa figo ya kushoto, kwa kuwa mshipa wake wa kurudishia damu ni mrefu zaidi na hivyo ni mwepesi kushona. Ikiwa figo zake hazilingani nguvu, iliyo bora hubaki kwake. Hilo ni sharti, na dada yako hana ruhusa ya kulipinga.

Kabla ya hayo utapimwa hivi: kundi la damu, kreatini (taka ya damu inayoonesha figo inachuja vipi), mkojo kama una protini, presha kwa siku tofauti, sukari, homa ya ini B na C, virusi vya ukimwi, kisha picha ya CT ya mishipa ya figo. Halafu kile kipimo ambacho kikikataa basi: chembe nyeupe za damu yako zinachanganywa na majimaji ya damu ya dada yako. Zikishambuliwa, maana yake mwili wake tayari una kinga dhidi yako, na figo ikishonwa inaweza kugeuka nyeusi mezani pale pale. Kuhusu alama za HLA, zile ambazo kinga hutambulia kilicho chake na cha mgeni, kwa ndugu wa baba na mama mmoja kuna nafasi moja katika nne ya kulingana zote, mbili katika nne ya kulingana nusu, na moja katika nne ya kutolingana kabisa. Mzazi na mtoto kwa kawaida hulingana nusu.

Sasa hiyo "nusu mtu". Figo moja iliyobaki huongeza kazi, na katika miezi michache nguvu yako ya kuchuja huwa kiasi cha asilimia 70 ya ile ya zamani. Inatosha kuishi, kufanya kazi, na hata kuzaa. Lakini hatari zipo, na akikuambia mtu hazipo usimwamini: damu kutoka, kidonda kuchafuka, presha kupanda baadaye, na kwa mwanamke anayetaka kuzaa tena, uwezekano wa kifafa cha mimba huongezeka kidogo. Kama bado unataka mtoto, liseme mapema. Baada ya upasuaji utakaa hospitali siku 3 mpaka 5. Kwa wiki 6 usinyanyue kizito: si ndoo ya maji, si gunia la karafuu. Halafu kila mwaka, maisha yako yote, pima presha, kreatini na mkojo.

Na kuna kipimo kimoja zaidi kisicho cha damu. Daktari atazungumza nawe peke yako, bila dada, bila mume, bila mama. Ikiwa moyoni hutaki, sema hapo. Timu nzuri itawaambia jamaa kwamba hukufaa kitabibu, na siri yako itakaa.

Kuchukua kiungo cha maiti ni kumvunjia heshima. Uturuki ni nchi ya Waislamu, wamelipitishaje hili? Na wanajuaje kwamba mtu kafa ilhali moyo unapiga?
*Ustadhi wa chuo, Chake Chake*

Ustadhi, swali lako ni zito na tutalijibu kwa vifungu.

Baraza kuu la mambo ya dini la Uturuki, lililo chini ya idara ya Diyanet, lilitoa uamuzi tarehe 6 Machi 1980 kwamba kupandikiza kiungo kunajuzu kwa masharti. Kuwe na dharura, yaani hakuna tiba nyengine. Daktari awe na yakini kubwa kwamba kutafaa. Mtolewaji awe ameshakufa wakati wa kutolewa. Awe alikubali alipokuwa hai, au hakukataa na jamaa zake wakaridhia. Kusiwe na malipo yoyote. Na mgonjwa mwenyewe aridhie. Kwa mtazamo mpana zaidi, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikaa Amman Oktoba 1986 likajadili kifo cha ubongo, kisha Jeddah Februari 1988 likajadili viungo vyenyewe, na likaruhusu kwa masharti yaliyo karibu na hayo. Wapo maulamaa wenye rai tofauti, hasa juu ya kifo cha ubongo. Anayetaka fatwa kwa nafsi yake aende Ofisi ya Mufti, akiwa na maelezo ya daktari mkononi, si maneno ya barazani.

Sheria ya 1979 nayo ilikaza upande wa dunia. Mchangiaji aliye hai awe na miaka 18 na akili timamu. Ridhaa yake iwe ya maandishi, ameitia sahihi mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, na daktari aidhinishe. Kuuza na kununua marufuku, kutangaza pia marufuku. Kifo, kwa sheria ilivyoandikwa mwanzo, kilithibitishwa na madaktari wanne kwa kauli moja: wa moyo, wa mishipa ya fahamu, wa upasuaji wa ubongo, na wa usingizi. Baadaye idadi ilipunguzwa kuwa wawili. Na daktari anayemtibu mgonjwa anayengoja figo haruhusiwi kuwamo katika jopo hilo. Kifungu hiki ndicho tunachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaondoa shaka ile ile inayowakaa watu moyoni, kwamba watamuua huyu wamponye yule.

Moyo unapiga kwa sababu mashine inasukuma pumzi na moyo una mshipa wake wa kujiendesha. Kabla ya kupima, madaktari huhakikisha mgonjwa hana baridi mwilini, hana dawa za usingizi katika damu, na sababu ya kuumia kwa ubongo inajulikana. Halafu humulikwa machoni kama mboni zinasinyaa, huguswa kioo cha jicho, huchokozwa koo, humiminiwa maji baridi sikioni kuona kama macho yatasogea. Mwisho huachishwa mashine ya pumzi kwa dakika kadhaa huku akipewa oksijeni, mpaka hewa chafu katika damu ipande kupita kiwango ambacho ubongo wowote ulio hai ungelazimisha kifua kupumua. Kifua kisipotikisika hata mara moja, hapo ndipo wanaposema kwamba kafa. Aliyezimia tu, au aliye katika koma, huwa na baadhi ya dalili hizi. Aliyekufa ubongo hana hata moja.

Baba kapandikizwa nje ya nchi na karudi salama, alhamdulillahi. Sasa nyumbani kila mtu na lake: huyu anampa madafu, yule dawa ya mitishamba. Na Ramadhani inakuja. Tumshike vipi?
*Kijana, Mwanakwerekwe*

Hongereni. Sasa ndipo kazi inapoanza, na figo nyingi hupotea nyumbani, si hospitalini.

Mwili haumsahau mgeni. Kila siku kinga ya baba inaijua figo hiyo kuwa si yake, na kinachoizuia ni vidonge. Mwaka 1975 Haberal na wenzake walikuwa na azathioprini na predinisoloni tu, na figo nyingi duniani zilikataliwa katika mwaka wa mwanzo. Siklosporini ilipoenea miaka ya 1980 mambo yakabadilika. Leo wengi hupewa takrolimu, maikofenoleti na predinisoloni. Takrolimu humezwa kila baada ya saa 12, na saa ina maana yake: 1 asubuhi na 1 usiku, kila siku, siku ya harusi na siku ya msiba. Siku ya kupima damu asimeze cha asubuhi mpaka damu ichukuliwe, kwa sababu kinachotafutwa ni kiwango cha chini kabisa kabla ya dozi. Akimeza kwanza, jibu litasoma juu, daktari atapunguza dozi, na wiki chache baadaye figo inakataliwa.

Balungi asile kabisa, wala maji yake. Lina kitu kinachozuia utumbo kuivunja takrolimu, kiwango kinapanda, mikono inatetemeka, na figo yenyewe inaumia. Madafu, ndizi na tende si haramu kwake milele, lakini takrolimu hupandisha potasiamu katika damu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama bila kuaga. Kwa hiyo kwanza kipimo, kisha kiasi. Mitishamba, hata ya mtu mnayemwamini, msimpe. Hakuna anayejua inachofanya na vidonge hivi.

Dukani vilevile. Akiumwa mgongo msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni. Zinabana mishipa ya figo. Parasetamoli ndiyo yake. Akiandikiwa erithromisini au flukonazoli, mwambieni daktari kuhusu takrolimu, kwa kuwa hupandisha kiwango. Akitibiwa kifua kikuu, rifampisini hufanya kinyume: hushusha kiwango vikali ndani ya siku chache, na figo hukataliwa huku mgonjwa akimeza kila kidonge kwa uaminifu. Tumelitaja kwa makusudi kwa sababu kifua kikuu kipo kwetu, na wapandikizwa hukipata upesi kuliko wengine. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, hapewi. Akisafiri aombe barua ya daktari ya kumsamehe.

Ramadhani. Funga yetu hapa ni kiasi cha saa 13 na nusu kutoka alfajiri mpaka magharibi. Akimeza daku saa 10 na nusu na kufuturu saa 12 na nusu, zimepita saa 14, kisha saa 10, na mizani ya dawa imevurugika. Juu ya hayo kuna kukauka maji katika joto la Kaskazi. Madaktari wengi humkataza kabisa aliye chini ya mwaka mmoja. Baada ya hapo, ikiwa kreatini imetulia, daktari anaweza kumbadilishia takrolimu ya kumeza mara moja kwa siku, wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na kumpima katikati ya mwezi. Asibadilishe mwenyewe. Mgonjwa ruhusa yake imo katika Kitabu.

Dalili za kukataliwa: mkojo kupungua, miguu kuvimba, uzito kupanda kilo moja au mbili kwa siku mbili, presha kupanda ghafla, homa, maumivu juu ya figo. Mara nyingi lakini haziji dalili, inapanda kreatini tu. Ndiyo maana kipimo hakirukwi hata akijisikia mzima. Figo ya mchangiaji aliye hai kwa wastani hudumu miaka 15 mpaka 20.

Nimesikia Haberal alikata ini la mtu mzima hai. Mtu anaishije baada ya kukatwa ini?
*Msomaji, Jang'ombe*

Ini hukua. Likikatwa sehemu, iliyobaki huanza kujaza pengo mara moja, na ndani ya wiki chache hurudi karibu na ukubwa wake. Kwa mtoto hutosha kipande cha kushoto, kama robo ya ini la mzazi au pungufu. Kwa mtu mzima hutakiwa zaidi, kwa hiyo na hatari kwa mchangiaji ni kubwa zaidi kuliko ya figo: nyongo kuvuja, damu kutoka, au ini lililobaki kushindwa. Tarehe 8 Disemba 1988 timu ya Haberal ilipandikiza ini la marehemu, la mwanzo Uturuki. Tarehe 15 Machi 1990 ikampandikiza mtoto kipande cha ini la jamaa yake, na tarehe 24 Aprili mwaka huo ikafanya hivyo kwa mtu mzima. Huo wa Aprili unahesabiwa katika maandishi ya fani kuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa duniani kwa watu wazima. Tarehe 16 Mei 1992 wakachukua kipande cha ini na figo kwa mchangiaji mmoja aliye hai.

Mbunge gani anachaguliwa akiwa jela? Na je, alikuwa na hatia?
*Mstaafu, Michenzani*

Mzee wetu, Uturuki hawachagui kwa jimbo na mtu mmoja kama sisi. Kila mkoa una orodha ya chama, na viti hugawiwa kwa kura za chama. Haberal aliwekwa katika orodha ya chama cha CHP mkoa wa Zonguldak, mkoa wa machimbo ya makaa ya mawe, kwa uchaguzi wa tarehe 12 Juni 2011. Alikuwa kizuizini tangu Aprili 2009 katika kesi ya Ergenekon, ambamo watu wengi walishtakiwa kuwa katika mtandao wa siri wa kuipindua serikali. Kwa kuwa alikuwa mtuhumiwa asiyehukumiwa, sheria haikumzuia kugombea. Akashinda, lakini mahakama ikakataa kumwachia, na bila kwenda bungeni hakuweza kula kiapo.

Tarehe 5 Agosti 2013 alihukumiwa miaka 12 na miezi 6, na akaachiwa siku hiyo hiyo kwa kuhesabiwa muda aliokwishakaa. Ndipo akaapa. Disemba mwaka huo Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kumweka ndani muda mrefu kulivunja haki yake ya kuchaguliwa na kutumikia. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilizifuta hukumu za kesi nzima, na katika kusikilizwa upya, Julai 2019, mahakama ikasema kuwepo kwa kundi hilo hakukuthibitishwa, yeye akafutiwa mashtaka. Kwa sheria, basi, hana hatia. Tunalisema hivi wazi kwa sababu barua mbili zimemwita mfungwa wa mapinduzi, na hilo si haki kwake.

Ubunge wake wenyewe ulikuwa mfupi na haukuacha alama kubwa. Sheria aliyoisukuma 1979, akiwa si mbunge, imewagusa watu wengi zaidi.

Mimi ni msichana wa skuli, nataka udaktari. Je, Uturuki wapo wanawake waliofika huko? Na nitaombaje nafasi?
*Mwanafunzi, Konde*

Mwanetu, yupo Türkan Akyol, aliyezaliwa Istanbul 1928. Alimaliza udaktari Ankara 1953, akawa bingwa wa maradhi ya kifua na profesa. Mwaka 1971 aliteuliwa waziri wa afya, mwanamke wa mwanzo kuwa waziri Uturuki, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu pamoja na mawaziri wenzake kumi. Mwaka 1980 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Ankara, mwanamke wa mwanzo tena katika cheo hicho. Baadaye akaingia bungeni 1987 na akawa waziri wa nchi miaka ya 1990. Alifariki 2017. Na karibu zaidi na kwenu: Rais wa Zanzibar, Dk. Hussein Ali Mwinyi, udaktari wake aliusomea Chuo Kikuu cha Marmara, Istanbul.

Ufadhili wa serikali yao unaitwa Türkiye Bursları. Maombi hufanywa mtandaoni, kwa kawaida kuanzia 10 Januari mpaka 20 Februari, na ni bure. Akikudai mtu ada, mkimbie. Kwa shahada ya kwanza uwe chini ya miaka 21, na kwa udaktari wanataka wastani wa asilimia 90. Unaweza kuomba ukiwa bado kidato cha sita, kwa matokeo uliyonayo. Kosa la wengi ni kungoja matokeo ya mwisho yatoke, na Februari imeshapita. Ukipata, mwaka wa mwanzo ni lugha ya Kituruki mpaka ngazi ya C1, kisha miaka 6 ya udaktari. Usiudharau mwaka wa lugha: anatomia utaulizwa kwa Kituruki, na mgonjwa hatakueleza ugonjwa wake kwa Kiingereza.

Shangazi yupo kwenye mashine Mnazi Mmoja, mara tatu kwa wiki. Kuna mtu anasema Uturuki figo inanunuliwa. Kweli? Na kama si kweli tuanzie wapi?
*Familia, Micheweni*

Hainunuliwi. Sheria tuliyoieleza juu inakataza, na mgeni anayepandikizwa huko kwa mchangiaji aliye hai hutakiwa aende na jamaa yake, mpaka daraja ya nne, kwa hati zilizothibitishwa. Mwaka 2008 ulitolewa Istanbul tamko la kimataifa dhidi ya biashara ya viungo. Anayewaahidi figo ya kununua atakula pesa zenu, au atamrudisha shangazi na figo isiyojulikana ilikotoka pamoja na homa ya ini.

Kabla ya kutazama nje, jueni kuwa Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, Machi 2018. Mwombeni daktari wake wa mashine barua ya rufaa.

Wakati mnangoja, fanyeni haya. Mpelekeni kwa daktari wa meno, maana jino bovu hugeuka sumu kinga ikishushwa, na upasuaji huahirishwa kwa ajili yake. Apate chanjo ya homa ya ini B sasa, kwa kuwa baada ya dawa mwili hauitikii vizuri. Apimwe moyo na kifua. Mkono wenye mshipa wa mashine usichomwe sindano wala kufungwa kipimo cha presha. Damu ikipungua, ulizeni kwanza sindano za eritropoyetini, zinazoufanya mwili utengeneze damu yake, kabla ya kukubali kuongezewa damu, kwa sababu kila chupa ya damu ya mtu huufundisha mwili wake kinga mpya dhidi ya watu. Mimba nazo hufanya hivyo hivyo: ikiwa shangazi kazaa, huenda ana kinga dhidi ya mumewe na hata wanawe, basi msimtegemee mchangiaji mmoja tu. Pelekeni wawili au watatu wapimwe kundi la damu.

Na kile kipimo cha kuchanganya damu hurudiwa karibu na siku ya upasuaji, hata kama cha mwanzo kilitoka safi. Shangazi akiongezewa damu katikati, andikeni tarehe na idadi ya chupa, na mpeni daktari karatasi hiyo kabla hajapanga siku.